Wageni wamerudi, meli zimejaa, kazi je? Uzi wa ajira Mombasa baada ya mambo kuharibika

#1 Kisauni_Bondeni

Assalam aleikum wanajukwaa, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo.

Humu ndani swali ni lile lile kila msimu: hoteli zimejaa, bandarini meli zapanga foleni, mbona mimi bado niko nyumbani? Majibu nayo huwa mawili tu. Serikali mbaya, au kujuana. Mimi nimekaa upande wa pili wa meza. Kazi yangu kwa miaka imekuwa kuita watu, kuwasaili na kuwaandikia barua, kwanza katika hoteli moja huku kaskazini, sasa kwa waajiri mbalimbali. Majina sitataja.

Tukumbushane kwanza. Machi 2020, corona ilipoingia, ndege za kimataifa zilisimama. Aprili, Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hutoki huingii; Kilifi na Kwale mpaka Juni, Mombasa mpaka Julai. Ndege zikaruhusiwa tena Agosti mosi, lakini kafyu iliendelea hadi Oktoba 2021, na mji wa baa na vilabu bila usiku ni mji wa nini? Mwaka 2019 wageni walioingia Kenya walipita milioni 2. Mwaka 2020 hawakufika 600,000.

Kuachisha watu ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Barua ilikuwa moja, tukibadilisha jina na nambari ya kitambulisho, mtu anatia sahihi, anarudisha yunifomu, anatoka. Kuwarudisha ndiko kulikochukua miaka.

Na hapa ndipo takwimu zinapowachanganya watu. Uchumi wa nchi ulisinyaa asilimia 0.3 tu mwaka 2020, kisha 2021 ukaruka zaidi ya asilimia 7. Kwa hesabu za Shirika la Takwimu, kazi zilizopotea 2020 zilikuwa kama 737,000, na zilizoongezeka 2021 zikawa kama 926,000. Ukiishia hapo utasema mambo yalitengenea kwa mwaka mmoja. Sasa tazama ni kazi gani. Katika hizo 926,000, za ajira rasmi zilikuwa kama 172,000. Zilizobaki zote ni jua kali, yaani kazi zisizo rasmi. Wala mambo hayajageuka sana: 2024 ziliongezeka kama 782,000, tisa katika kila kumi zikiwa za jua kali. Aliyekuwa na barua ya kazi, bima na likizo akarudi kuuza maji baridi kwenye foleni ya feri, na kwa mwenye kuhesabu huyo "amerudi kazini".

Wageni walipoanza kuonekana tena, meneja mkuu hakuniambia "ajiri". Aliniuliza: hawa waliobaki wanaweza kuongeza shifti? Na hao waliobaki walikuwa wakila nusu mshahara tangu mambo yaharibike, kwa hivyo shilingi ya kwanza iliyoingia ilienda kuwarudishia mshahara wao kamili. Iliyofuata ikaenda benki, maana mikopo ilikuwa imesogezwa mbele, haikufutwa. Halafu muuza samaki, muuza mboga, na kampuni ya kufua mashuka, wote walikuwa wanatudai. Baada ya hao ndipo tukaita vibarua wa wikendi. Baada ya vibarua, mikataba ya miezi mitatu. Ajira ya kudumu huja mwisho kabisa, pale mwenye mali anapoamini kwamba hata msimu ujao utakuwa mzuri.

Na imani hiyo hapa Pwani imevunjwa mara nyingi mno. Ghasia za Likoni 1997. Fujo za uchaguzi wa 2007. Mei 2014 Uingereza ilitoa tahadhari ya usafiri, na kampuni za utalii za Thomson na First Choice zikawaondoa wageni wao Mombasa katikati ya likizo, uwanja wa ndege wa Moi ukajaa Wazungu na masanduku. Wenye hoteli walioyaona hayo yote hawaajiri kwa sababu Desemba moja imekuwa nzuri.

Leteni yenu.

#2 Jomvu_Kuu

Kaka maneno mengi. Ni kujuana. Kwisha.

#3 Kisauni_Bondeni

@Jomvu_Kuu sikatai. Lakini jiulize, kujuana huko kunapitia kwa nani?

Kabla ya corona nikitaka mhudumu wa vyumba sikuwa natangaza. Nilimpigia msimamizi wa usafi, mama mmoja aliyejua kila mtandika vitanda kutoka Mtwapa mpaka Shanzu. Akiniambia "huyu mchukue, yule ana mdomo", nilikuwa nimemaliza. Mambo yalipoharibika naye aliachishwa. Akaenda kwao Taita, laini ya simu ikafa, na ule ujuzi wote wa nani ni nani ukaenda naye. Nilipoambiwa niajiri tena nikabaki na rundo la bahasha za kaki mezani, zote zina vyeti, zote zinasema "mchapakazi, mwaminifu". Utamjuaje mwaminifu kwa karatasi?

Basi mwajiri anarudi kwa mpwa wake, kwa mtoto wa jirani, kwa aliyeletwa na mbunge. Ufisadi upo, tena mwingi. Lakini kuna na hili: ile njia ya kuulizana baina ya wafanyakazi ilikatika, na haijengeki kwa msimu mmoja.

#4 Yadi_Shimanzi

Nyinyi wa hoteli mnaongea kama Mombasa ni ufuo tu.

Sisi wa mizigo tulianza kuumia kabla ya corona. Agosti 2019 ilitoka amri kwamba makontena yote ya kwenda Nairobi na bara yapande reli ya SGR yakakaguliwe Nairobi. Watu waliandamana hapa mjini, mnakumbuka. Yadi za makontena zikabaki na mbwa wa ulinzi. Madereva, tanboi, makarani wa kutoa mizigo, wenye vibanda vya chakula Changamwe na Miritini, wote chali. Corona ilitukuta tayari tuko chini.

Septemba 2022 Ruto akaapishwa, akasema mizigo irudi Mombasa. Watu wakapiga vigelegele. Nami nilidhani nitarudi kwa desiki langu Jumatatu. Wapi! Mteja alikuwa kashahamia Nairobi, kashapata wakala kule, karani wake kashaizoea njia mpya. Bosi wangu alikuwa ameuza malori mawili kulipa deni. Amri huondolewa kwa hotuba moja, ila lori lililouzwa halirudi kwa hotuba. Na waliokuwa makarani wenzangu mmoja anaendesha tuktuk, mmoja yuko Qatar, mwingine ana duka la simu Mwembe Tayari na hataki hata kusikia habari ya bandari.

Kwa hivyo kuna kazi zinazolala, na kuna kazi zinazohama. Zikihama usizingoje.

#5 MamaWaBamburi

Naomba na sisi wadogo tusikizwe. Nina nyumba za kulala wageni Bamburi na gari mbili za utalii. Watu wananiona tajiri.

Sheria ya Ajira ya 2007 naijua kuliko Zaburi. Kifungu cha 37: kibarua akifanya siku mfululizo zinazofika mwezi, au ukimpa kazi inayotarajiwa kuchukua miezi mitatu au zaidi, si kibarua tena, anahesabiwa mfanyakazi wa mwezi mwenye haki zake. Kifungu cha 40: nikitaka kumpunguza kwa sababu biashara imelala, nitoe notisi ya mwezi, afisa wa leba ajulishwe, na nimlipe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliofanya. Mimi sisemi sheria ni mbaya, nami niliajiriwa zamani na nilifukuzwa kama mbwa, ningeipenda sheria hiyo. Lakini nikiwa na wageni Agosti na sina hakika ya Novemba, nitafanya nini? Nitamwita yule kijana kwa siku. Nitamwambia pumzika wiki hii, njoo wiki ijayo.

Ongeza makato. Tozo ya serikali ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5 ya mshahara yake na 1.5 yangu, NSSF nayo imekuwa ikipanda tangu 2023. Ada ya mafunzo ya NITA ni shilingi 50 kwa mtu, hiyo si neno. Pesa si kubwa kwa mtu mmoja, ila karatasi zake ni zile zile kwangu na kwa hoteli ya vyumba 200 iliyo na ofisi nzima ya wahasibu.

Kubwa zaidi ni woga. Mfanyakazi mbaya katika nyumba ndogo anakumaliza. Mgeni mmoja akiibiwa chaja anaandika mtandaoni na dunia nzima inasoma. Nikiwa na shaka nabaki na nilionao, mimi mwenyewe nafagia uwanja.

#6 Binti_Mshomoroni

Mama Bamburi shikamoo. Nimekusoma na nimekuelewa, ila sasa nikwambie hiyo "pumzika wiki hii" inavyokuwa huku kwetu.

Nilikuwa mhudumu wa vyumba, miaka mingi, hoteli kubwa, siitaji. Niliachishwa 2020. Walipofungua hatukuitwa kwa barua. Ilikuwa ni geti. Unafika kabla jua halijatoka, mko wanawake kumi, ishirini, mumekaa kwenye ukuta wa mitaro. Askari wa geti ana daftari. Msimamizi anapiga simu kutoka ndani, "nipe wanne". Askari ndiye anayechagua wanne. Sasa we fikiria askari huyo kawa mtu mkubwa namna gani. Wengine walimletea mahamri na chai, wengine hamsini, wengine mimi sisemi.

Usipochaguliwa umeshapoteza nauli ya matatu kwenda na kurudi. Na siku hiyo huwezi kwenda kutafuta kazi kwingine, saa mbili ishafika, kwingine nako geti lishafungwa. Ndiyo maana nacheka mtu akisema watu hawatafuti kazi kwa bidii. Kutafuta kazi kuna gharama yake: nauli, fotokopi, cheti cha tabia njema shilingi 1,050, kipimo cha afya cha washika chakula. Ukiishiwa nauli unakaa nyumbani, halafu unaitwa mvivu.

Mwishowe nilipata usaili wa kweli. Dada mdogo wa ofisini akaniuliza, "Hii nafasi katikati, tangu 2020, ulikuwa unafanya nini?" Nikamwambia nilikuwa napika viazi karai na bajia nyumbani kwangu, nalisha watoto. Akaandika kitu. Sikuitwa tena. Alichukuliwa msichana aliyetoka chuo, hajawahi kutandika kitanda cha mgeni.

#7 Kisauni_Bondeni

Dadangu Binti, swali hilo limepimwa. Mwaka 2013 watafiti Marekani walichapisha jaribio lao: maombi ya kazi ya kubuni kama 12,000, yakitumwa kwa matangazo kama 3,000 katika miji 100. Karatasi zilifanana, tofauti ikawa muda ambao muombaji "amekaa bila kazi". Kadiri muda unavyozidi ndivyo simu za kuitwa zinavyopungua, na mteremko mkubwa uko katika miezi minane ya mwanzo. Mwajiri hakumjua mtu wala kosa lake. Aliona pengo akadhani wengine wameshamkataa kwa sababu. Ila waliona pia kwamba katika miji ambayo kazi zilikuwa adimu kwa kila mtu, adhabu hiyo ilikuwa ndogo, maana mwajiri alijua wote wako nje. Mombasa 2020 kila mtu alikuwa nje. Huyo wa ofisini alipaswa kulijua hilo, na mimi hapo simtetei.

Kuna wachumi watatu, Peter Diamond, Dale Mortensen na Christopher Pissarides, waliopewa Nobeli ya uchumi 2010 kwa kazi yao juu ya jambo hili hili. Kwa ufupi: soko la kazi si kama soko la Kongowea, ambapo nyanya zikijaa asubuhi bei inashuka na jioni zimekwisha. Kila kazi inamtafuta mtu wake na kila mtu anaitafuta kazi yake, na kutafutana huko kunakula muda na pesa pande zote mbili. Ndiyo maana nafasi tupu na watu wasio na kazi vinaweza kukaa mji mmoja kwa wakati mmoja wasionane.

Na si sisi peke yetu. Mdororo mkubwa wa Marekani uliisha rasmi Juni 2009. Ukosefu wa kazi ukaendelea kupanda hata ukagusa asilimia 10 Oktoba mwaka huo huo, yaani baada ya "kuisha". Idadi ya ajira haikurudi ilipokuwa mpaka 2014. Katikati ya 2009 kila nafasi moja ilikuwa na watafutaji zaidi ya sita. Sasa mwajiri akiona foleni ndefu hufanya nini? Huongeza masharti. Waliochambua matangazo ya kazi ya kipindi hicho waliona miji iliyoumia zaidi ndiyo iliyozidisha kudai elimu na uzoefu, na masharti hayo hayakushuka uchumi ulipopona. Nimeyaona hapa hapa: nafasi ya mapokezi iliyotaka kidato cha nne na Kiingereza safi sasa inataka diploma na lugha ya tatu, mshahara ule ule.

#8 Mwalimu_Ganjoni

Naongeza moja ambayo imetoka kwetu wenyewe.

Mwaka 1964 serikali ya Kenya, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana: waajiri waongeze idadi ya watu kazini, vyama navyo vitulie kudai mishahara. Nia njema kabisa. Habari ikaenea, watu mashambani wakasikia mjini kuna kazi, wakafunga virago. Waliokuja kutafuta wakawa wengi kuliko nafasi zilizoongezwa. Wachumi John Harris na Michael Todaro waliutumia mfano huo katika makala yao ya 1970 iliyokuja kusomwa ulimwengu mzima: mtu haendi mjini kwa sababu ana kazi, anaenda kwa sababu anakadiria kuna uwezekano wa kuipata.

Sasa liangalie hapa. Mambo yalipoharibika wengi walirudi Kaloleni, Kinango, Ganze. Wengine wakapanda bodaboda wakaacha kutafuta. Kwa hesabu kali za takwimu, asiyetafuta kazi hahesabiwi kuwa hana kazi. Ikija fununu tu kwamba hoteli fulani inafungua, wote wanarudi kwenye foleni kwa pamoja. Nafasi zimeongezeka, na foleni nayo imeongezeka zaidi. Aliye kwenye foleni anaapa hakuna kilichobadilika, na kwa upande wake hajakosea.

Halafu kila mwaka vyuo vinamwaga wengine. Waliohitimu 2020 wanapigania nafasi na wa 2022, na mwajiri anampenda wa 2022 kwa sababu "yuko moto".

#9 Jomvu_Kuu

Sawa mwalimu, sawa kaka, nimesoma yote. Mimi nina diploma ya utalii, nilimaliza 2019. Nilipata miezi michache tu kazini kisha ndiyo hiyo corona. Tangu hapo nabeba mawe na mchanga kwenye mjengo na nauza mitumba wikendi. Nikiandika hivyo kwenye wasifu wanacheka, nikiacha wazi wanauliza pengo. Nifanyeje? Msinipe dua, dua ninayo.

#10 Kisauni_Bondeni

@Jomvu_Kuu andika mitumba. Usiandike "biashara mbalimbali", hilo halina maana kwa msomaji. Andika unachofanya: unanunua mali, unahesabu, unauza kwa wateja wa kila aina, unazungumza bei. Mimi nikisoma vile naona mtu wa mapokezi. Pengo tupu ndilo linalokuua, kama tulivyoona.

Pili, pale ulipofanya miezi michache, rudi ukadai cheti cha utumishi. Ni haki yako kwa Sheria ya Ajira, kifungu cha 51, hata kama uliachishwa. Wengi hawajui na wengi hawapewi. Kinaonyesha tarehe na kazi uliyofanya. Kwa mwajiri asiyekujua, karatasi hiyo inapita barua tamu ya sifa.

Tatu, wakati. Wengi huleta bahasha Desemba wanapoona watu wamejaa ufuoni. Desemba hatuajiri, Desemba tunakimbizana na sahani. Majina ya msimu huo hupangwa Septemba na Oktoba. Ukija Desemba unaingia kwenye rundo, na rundo hilo Januari linaenda kufungia vitumbua.

Nne, usimtafute meneja. Mtafute aliye ndani wa ngazi yako, mpishi msaidizi, karani wa stoo, mtu wa bustani. Ndiye anayejua nani anaondoka mwezi ujao. Kazi nyingi nilizojaza hazikuwa mpya, zilikuwa za mtu aliyepata pengine. Na hili ndilo watu hawalioni: mambo yakiwa mabaya aliye na kazi haachi, hata akiteswa. Anaing'ang'ania. Kwa hivyo viti havitoki watu, na wa nje hana pa kuingilia hata kama hoteli haijapunguza mtu. Ukianza kusikia wenye kazi wanahamahama, huyu kaenda Watamu, yule kaenda Diani, hapo ndipo uongeze mwendo.

#11 Yadi_Shimanzi

Hilo la nne ni kweli tupu. Mimi nilirudi kwenye mizigo kwa sababu karani mmoja alipata Dubai. Bosi hakutangaza hata siku moja.

#12 Binti_Mshomoroni

Na ukimpata wa ndani, usimwache ukishaingia. Mimi askari wa geti namsalimu mpaka leo, na bajia zangu ananunua kwa bei ya watu wote.

#13 MamaWaBamburi

Jomvu, unajua kuendesha? Natafuta mtu wa kupokea wageni, kuwatoa uwanja wa ndege na kuwaandikia kwenye kompyuta. Mwenye diploma ya utalii na akili ya soko ananifaa. Njoo na hicho cheti cha utumishi. Cheti cha tabia njema usikilipie kwanza mpaka tukubaliane.

#14 Jomvu_Kuu

Shikamoo mama. Kuendesha najua, leseni ninayo. Ni kazi ya muda gani?

#15 MamaWaBamburi

Marahaba. Miezi mitatu kwanza, halafu tutaona.

#16 Jomvu_Kuu

😂😂 Kifungu cha 37 nakisoma leo usiku. Nakuja Jumatatu saa mbili.